Ushahidi wa Mawe ya Chokaa Kuhusu Oksijeni ya Bahari za Kale

Maji ya bahari hayatunzi kumbukumbu ya hali yake. Maji yaliyopiga fukwe miaka bilioni mbili na nusu iliyopita yamekwisha kugeuka mvuke, yakawa mawingu, yakanyesha na kurejea baharini mara zisizohesabika, wala hakuna tone linaloweza kuchotwa leo likapimwa kiasi cha oksijeni kilichokuwamo wakati huo. Hata hivyo, wanajiolojia husema bila kusitasita kwamba kwa takriban nusu ya umri wa dunia, ambao ni miaka bilioni 4.54, bahari zilikuwa karibu bila oksijeni kabisa, na kwamba samaki wa leo, lau angetumbukizwa humo, angekufa kwa dakika chache. Msomaji ana haki ya kuuliza wamejuaje. Makala haya yanakusudia kueleza sehemu moja ya jibu, ile inayotokana na miamba ya kaboneti, yaani mawe ya chokaa na jamaa zake, na kuonyesha ni wapi ushahidi wa mawe hayo unaaminika na ni wapi unapaswa kutiliwa shaka.

Suala lenyewe si dogo. Oksijeni anayoivuta kila mnyama ilianza kutengenezwa na sianobakteria, viumbe vidogo mno vilivyogundua njia ya kutumia nuru ya jua kuyapasua maji na kuachilia oksijeni kama taka. Kuhusu anga, mambo yamekuwa bayana kiasi tangu mwaka 2000, pale James Farquhar na wenzake walipoonyesha kwamba isotopu za salfa katika miamba mizee sana zina mpangilio wa pekee unaoweza kutokea tu katika anga isiyo na oksijeni. Mpangilio huo hutoweka katika miamba iliyoumbwa kati ya miaka bilioni 2.4 na 2.2 iliyopita. Kipindi hicho ndicho kiitwacho Tukio Kuu la Uoksidishaji. Lakini salfa hiyo inatoa habari za anga. Kama oksijeni ilizalishwa majini, haikosi iliwahi kukusanyika mahali fulani baharini kabla ya kujaa hewani. Wapi, lini na kwa kiasi gani? Hapo ndipo mawe ya chokaa yanapoitwa kutoa ushahidi.

Mwamba Uliozaliwa Majini

Mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana mwamba wa kaboneti ni kitu gani. Magofu ya Gede, nyumba kongwe za Lamu, na Ngome ya Yesu ya Mombasa ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593, zote ni kazi ya mawe ya matumbawe, na lipu iliyozipamba ilitokana na matumbawe hayohayo yaliyochomwa katika tanuri hadi yakawa chokaa. Ukilidondoshea jiwe hilo maji ya ndimu hutoa mapovu: asidi inaifungua kaboneti na kuiachilia kaboni dioksidi iliyofungwa ndani. Miamba ya matumbawe iliyo kando ya pwani ya Kenya ni ya juzi kwa hesabu ya kijiolojia, kwani sehemu yake kubwa ina umri wa takriban miaka 125,000.

Kilichofanyika huko ndicho kilichofanyika katika bahari za kale. Kalsiamu iliyoyeyuka majini huungana na kaboneti, fuwele ikaota, fuwele zikarundikana zikawa mwamba. Tofauti ni kwamba enzi zile hapakuwa na matumbawe, kombe wala konokono. Kaboneti iliota penyewe kwenye sakafu ya bahari au juu ya matandiko ya vijidudu, utando juu ya utando, hadi vikajengeka vilima vyenye tabaka nyembamba viitwavyo stromatolaiti. Ni muhimu kufahamu kwamba fuwele inapoota haichagui kikamilifu. Pamoja na kalsiamu na kaboneti, hunasa chembe chache za elementi nyingine zilizokuwa katika maji yale siku ile. Chembe hizo ndizo hazina ya mtafiti.

Mfano mkubwa wa miamba ya namna hii umo Afrika Kusini, nao hujulikana kama jukwaa la Campbellrand-Malmani. Miaka bilioni 2.6 hadi 2.5 iliyopita, bahari ya kina kifupi iliifunika sehemu kubwa ya eneo hilo na kulaza kaboneti ambayo mahali pengine unene wake unazidi kilomita moja. Wengi wamewahi kuusikia mwamba huo bila kujua: mapango ya Sterkfontein, maarufu kwa fuvu la Australopithecus lililopatikana mwaka 1947, yamechimbika ndani ya dolomaiti ya Malmani. Yaani mabaki ya watangulizi wa binadamu yalihifadhiwa katika jiwe ambalo tayari lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Mwaka 2004 visima viwili virefu vilikerezwa katika miamba ya jukwaa hilo ili kupata mihimili ya mawe ambayo haijaguswa na mvua wala hewa ya leo. Sababu ya kuhangaikia usafi huo itaonekana baadaye.

Iodini, au Madini Joto

Kati ya chembe zinazonaswa na fuwele ya kaboneti, iodini ndiyo yenye kisa rahisi zaidi kueleweka. Wasomaji wengi wanaijua kutokana na chumvi ya jikoni. Katika pakiti za Tanzania huitwa madini joto, istilahi ambayo imezoeleka kwa watu kuliko iodini yenyewe. Chumvi hiyo hutiwa iodini ili kuzuia rovu. Aghalabu inayotiwa katika nchi zetu ni ile iitwayo iodeti, kwa kuwa hustahimili unyevu kuliko iodidi.

Iodeti na iodidi ndizo sura mbili kuu za iodini baharini pia. Iodidi ni iodini iliyo peke yake, haina oksijeni. Iodeti ni iodini iliyoshikana na atomi tatu za oksijeni. Penye oksijeni ya kutosha iodeti hudumu, na penye upungufu hunyang'anywa oksijeni yake ikageuka iodidi. Sasa yatazame maumbile yao mbele ya fuwele. Iodeti inaweza kukalia nafasi ya kaboneti ndani ya kiunzi cha fuwele bila kuiharibu mno. Iodidi haiwezi, hubaki nje. Kwa hiyo kaboneti iliyoota katika maji yenye oksijeni huwa na iodini, na ile iliyoota katika maji yasiyo na oksijeni huwa haina. Zunli Lu na wenzake waliipendekeza njia hii mwaka 2010 walipochunguza vipindi vya ukosefu wa oksijeni katika bahari za zama za dinosau, na haikuchukua muda kabla ya kupelekwa kwenye miamba mizee zaidi.

Kazi ya maabara si ngumu kuieleza, japo ni ngumu kuitenda. Jiwe husagwa likawa unga, unga huoshwa, kisha huyeyushwa katika asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Mara moja hutiwa kemikali ya kupunguza ukali wa asidi, kwani iodini ikiachwa ndani ya asidi hugeuka gesi na kutoroka. Baada ya hapo kimiminika hupitishwa katika mashine inayozitenga atomi kwa uzito wake, na iodini huhesabiwa kwa kulinganishwa na kalsiamu. Kinachotafutwa ni kidogo kupindukia. Hata katika kaboneti iliyoota kwenye maji yenye oksijeni tele ya leo, kwa kila atomi milioni moja za kalsiamu hupatikana atomi chache tu za iodini, zinazoweza kuhesabika kwa vidole vya mikono.

Mwaka 2014 Dalton Hardisty na wenzake walichapisha matokeo ya kupima kaboneti za bahari za kina kifupi kuanzia zile zenye umri wa karibu miaka bilioni tatu. Jibu lilikuwa la kushangaza kwa uwazi wake. Katika miamba iliyotangulia Tukio Kuu la Uoksidishaji, iodini ilikuwa kama haipo. Karibu na miaka bilioni 2.4 iliyopita ikaanza kuonekana. Watafiti hao walikadiria kwamba ili iodeti iumbike na kudumu, maji ya juu ya bahari yalihitaji walau mikromoli moja ya oksijeni katika kila lita. Maji ya juu ya bahari ya leo huwa na mikromoli zipatazo 200 au zaidi. Kwa hiyo hata hiyo oksijeni iliyoleta badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya uhai ingeweza kuwa tone tu ikilinganishwa na ya sasa.

Shahidi wa Pili

Mwaka uo huo wa 2014, kundi jingine lilifikia hitimisho ambalo kwa mtazamo wa haraka linapingana na hilo. Robert Riding, Philip Fralick na Liyuan Liang waliuchunguza mwamba wa Steep Rock, karibu na Atikokan katika jimbo la Ontario, Kanada, ambao una umri wa miaka bilioni 2.8. Wao walitumia seriamu.

Seriamu ni mmoja wa ukoo wa elementi zinazofanana kitabia kama pacha, ukoo uitwao elementi adimu za udongo, ingawa baadhi yake si adimu hata kidogo. Katika maji zote husafiri pamoja. Seriamu peke yake, ikikutana na oksijeni, hupoteza elektroni ya ziada, hung'ang'ania chembe za oksidi ya manganizi na kuzama nazo. Maji yanayobaki juu huwa na upungufu wa seriamu, na kaboneti inayoota humo hurithi upungufu huo. Ni kama kutazama picha ya familia na kumkosa mtoto mmoja, kukosekana kwake kunasema jambo.

Steep Rock ina upungufu huo. Zaidi ya hayo, Riding na wenzake waliona kwamba kuwapo kwa mwamba wenyewe kunahitaji maelezo. Bahari za wakati ule zilijaa chuma kilichoyeyuka, na chuma hicho huizuia kalsaiti kuota. Ili mawe ya chokaa safi yarundikane kwa unene mkubwa, lazima kuwe na kitu kilichokuwa kikikiondoa chuma majini, na oksijeni, ambayo hukigeuza chuma kuwa kutu, ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Kwa maoni yao, Steep Rock ilikuwa chemchemi jangwani: eneo la pwani ambamo sianobakteria walizalisha oksijeni kwa wingi kuliko ilivyoweza kuteketezwa, huku bahari iliyolizunguka ikiwa bado haina kitu.

Je, nani asadikiwe? Kwa kweli mashahidi hawa wawili wanaweza kuwa wakweli kwa pamoja. Iodidi hugeuka iodeti polepole mno, huenda ikachukua miaka, na iodini hukaa baharini kwa muda mrefu kiasi kwamba husafirishwa mbali na mahali ilipogeuzwa. Chemchemi ndogo ya oksijeni iliyozungukwa na bahari kavu ingeweza kukosa iodeti ya kutosha kunaswa na fuwele, ilhali seriamu, ambayo mabadiliko yake huharakishwa na manganizi na vijidudu, ingekuwa imekwisha kuandika habari zake. Hardisty na wenzake wenyewe walikiri uwezekano huo: kutokuwapo kwa iodini hakukanushi chemchemi za hapa na pale, wala vipindi vifupi vya oksijeni, wala kiasi kilicho chini ya kile ambacho iodeti huhitaji. Kinachokanushwa ni bahari pana yenye oksijeni ya kudumu.

Jiwe Linapobadilika

Yote yaliyosemwa hadi sasa yamejengwa juu ya dhana moja, kwamba jiwe limebaki kama lilivyozaliwa. Dhana hii ni dhaifu. Baada ya kuota, kaboneti hufukiwa, hushinikizwa, hupashwa moto, na hupenywa na maji mageni. Aghalabu huyeyuka na kuota upya papo hapo, chembe kwa chembe. Mara nyingi magnesiamu hujipenyeza na kuligeuza jiwe la chokaa kuwa dolomaiti. Sehemu kubwa ya kaboneti za kale, ikiwa ni pamoja na hizo za Malmani na nyingi za Zimbabwe, ni dolomaiti. Basi mtafiti anapopima iodini, anapima bahari ya kale au maji yaliyopita humo baadaye?

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili analifahamu tatizo hili kwa sura nyingine. Utenzi wa kale haupatikani kwa mkono wa mtunzi. Hupatikana kwa nakala ya nakala, na mhakiki hana budi kujua tabia ya wanukuzi. Mnukuzi anayeruka beti kwa uchovu huacha pengo. Mnukuzi anayeongeza beti zake huacha uzushi, na huyu ni wa hatari zaidi. Iodini hufanana na yule wa kwanza. Kaboneti changa za Bahamas, ambazo bahari yake inajulikana kuwa na oksijeni, zilipopimwa, ilibainika kwamba mabadiliko ya baada ya kuumbwa huipunguza iodini, yumkini kwa sababu maji ya ndani ya mashapo hayana oksijeni na huigeuza iodeti kuwa iodidi. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yana maana kubwa. Jiwe lenye iodini linaweza kuaminika kwa kiasi kikubwa, kwani ni vigumu kuona iodeti ingeingiaje baadaye. Jiwe lisilo na iodini linaweza kuwa lilizaliwa bila iodini, au liliipoteza. Ukimya wake haufasiriki peke yake. Kwa sababu hiyo kila kipindi hutafutiwa mawe mengi kutoka mabara mbalimbali, na hutazamwa ile thamani ya juu kabisa iliyosalia badala ya wastani.

Seriamu inaelekea kwa mnukuzi wa pili. Maji ya mvua ya leo, yaliyojaa oksijeni, yakipita katika nyufa za mwamba yanaweza kuunda upungufu wa seriamu ambao haukuwapo. Mwaka 2020 watafiti waliotumia lanthanumu na seriamu kama saa ya mionzi walionyesha kwamba katika mwamba mmoja wa chuma wa Afrika Kusini wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni tatu, mabadiliko ya elementi hizo yalitokea muda mrefu baada ya mwamba kuumbwa. Mwamba ule haukuwa wa kaboneti, lakini onyo linagusa kila anayetumia seriamu. Hii ndiyo sababu ya gharama ya kukereza visima virefu kama vile vya mwaka 2004: jiwe lililookotwa juu ya ardhi limekwisha kuvuta hewa ya leo.

Lomagundi

Kati ya habari zote zinazotolewa na kaboneti za kale, ile yenye mvutano mkubwa zaidi inabeba jina la mahali katika Zimbabwe. Jina lenyewe ni kisa cha kiisimu. Nemakonde ni cheo cha mtawala wa Kishona wa upande wa Chinhoyi (asichanganywe na Wamakonde wa Mtwara na Msumbiji). Wakoloni walilisikia vibaya, wakaandika Lomagundi. Wilaya siku hizi huitwa Makonde, lakini matamshi yaliyopotoka yamebaki katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima, na hakuna dalili ya kuyarekebisha.

Mwaka 1976 Manfred Schidlowski na wenzake walitangaza kwamba kaboni ya dolomaiti ya Lomagundi ni nzito isivyo kawaida. Kaboni ina isotopu mbili zisizo na mionzi, ya 12 na ya 13. Viumbe vinavyofanya usanisinuru hupendelea ile nyepesi. Mabaki yao yakifukiwa kwa wingi, kaboni nyepesi huondoka pamoja nayo, na maji hubakiwa na nzito ambayo huingia katika kaboneti. Huko Lomagundi ziada ya kaboni nzito ilifika sehemu nane, kumi na hata zaidi katika kila elfu, ilhali kaboneti za kawaida za bahari huwa karibu na sifuri. Baadaye kaboneti za aina hiyo zenye umri wa kati ya miaka bilioni 2.2 na 2.06 zilipatikana katika sehemu nyingine za dunia, ikiwemo Gabon na nchi za kaskazini mwa Ulaya. Kwa kuwa kila kaboni inayofukiwa bila kuoza huacha oksijeni isiyo na wa kuitumia, wengi walikata shauri kwamba kipindi hicho dunia ilijaa oksijeni kwa namna isiyotarajiwa. Iodini nayo iliunga mkono: katika kaboneti za kipindi hicho huonekana kwa upana kuliko hapo kabla.

Hata hivyo, mwaka 2022 Anthony Prave na wenzake walitoa hoja kwamba kaboni nzito ya Lomagundi inafuata aina ya mazingira. Hupatikana zaidi katika kaboneti za ufukoni na za kina kifupi kabisa, na hupungua katika zile za bahari wazi. Ikiwa ndivyo, basi jiwe linaeleza habari za wangwa na vidimbwi vya pwani, wala si za bahari nzima, na hesabu ya oksijeni ya dunia iliyojengwa juu yake inayumba. Hoja hii haiifuti iodini, ambayo ina njia yake. Lakini inazidisha haja ya kujua, kwa kila jiwe, liliota umbali gani kutoka ufukweni.

Baada ya Lomagundi iodini hupungua tena. Katika sehemu kubwa ya miaka bilioni iliyofuata thamani zake huwa za chini, kwa kuinuka mara chache tu. Mwaka 2018 Zunli Lu na wenzake waliunganisha vipimo vya kaboneti kutoka katika historia ndefu ya bahari na kuhitimisha kwamba maji ya juu ya bahari yalitulia katika hali inayokaribia ya leo karibu miaka milioni 200 tu iliyopita. Wanyama walikuwamo baharini zaidi ya miaka milioni 300 kabla ya hapo. Waliishi, wakazaliana na mara kadhaa wakafa kwa halaiki katika maji ambayo oksijeni yake, chini kidogo ya uso, haikuwa ya kutegemewa.